Onyo la Mstari wa Hamsini na Nane

Skrini nyeusi. Alama ya dola imesimama pembeni
ikinisubiri, na kishale kinapepesa.
Dola! Hapa Mpunguzi, ambako noti ya elfu kumi
hukosa chenji mpaka siku ya gulio.
Naandika jina la kompaila, jina la faili, nagonga Enta.
Nje upepo wa Agosti unasugua bati kwa mchanga.

Makosa kumi na saba.
La kwanza: mstari wa kumi na mbili, nukta mkato haipo.
Naitia. Yanabaki manne.
Kumbe kumi na mawili yalikuwa watoto wa lile moja,
yamejibanza nyuma ya mama yao
kama wanaoogopa sindano.

Linalofuata: jina "uzani" halijatambulishwa.
Hapa nacheka. Hata kwetu
huingii uani kwa watu ukaomba maji
kabla hujasema mbukwa, u wa nani, umetoka wapi.
Basi namtambulisha, juu kabisa, mstari wa tisa:
huyu ni namba kamili, mwana wa mizani ya ushirika.
Anapita.

Sijawahi kupata mwalimu wa namna hii.
Yule wa Kidato cha Pili alisema tu "umekosa",
na fimbo yake haikutaja mstari.
Huyu haulizi msichana na hesabu wapi na wapi;
ananyoosha kidole palepale, herufi ya ishirini na tatu,
na mara ya hamsini
hana hasira kuliko mara ya kwanza.

Saa nne usiku nagonga Enta
na hakuna neno. Mstari mpya tu, na dola yake.
Wengine kimya chao kina mshindo;
kwa kompaila kimya ni kibali.
Nikainuka, nikacheza peke yangu katikati ya kreti tupu.

Asubuhi Mama Mbeleje akaleta zabibu.
Mizani ikasema kilo kumi na tisa na robo tatu.
Karatasi yangu ikatoka: kumi na tisa.
Chilongani, karani, akaigonga muhuri.
Mama hakusema kitu. Aliikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga
kama alivyofunga za yule mnunuzi wa lori,
miaka saba,
ambaye naye macho yake hayakuwahi kuona robo.

Siku ile hata jina la kijiji likanichoma: Mpunguzi.
Nikasema, mashine imejifunza wizi bila kufundishwa.
Hapana. Niliifundisha.
"Namba kamili," niliandika kwa mkono wangu huu,
na namba kamili haina pa kuweka kipande.

Usiku nikarudi kwenye dola.
Safari hii nikaongeza bendera niliyozoea kuiacha,
ile ya kuomba maonyo yote, hata madogo,
hata yasiyozuia kazi.

*Onyo, mstari wa 58: sehemu ya desimali itapotea.*

Alikuwa anajua.
Jana pia alikuwa anajua, ila sikumuuliza,
na yeye si wa kudokeza asichoulizwa.
Zabibu hazijui. Hajui kwamba robo tatu ya kilo
ni ndoo ngapi za maji kabla jua halijapanda.
Anajua tu kwamba kitu kinamiminwa
kwenye chombo kidogo kuliko chenyewe,
na kwamba kitamwagika.

Nimebadilisha neno moja. Nimegonga Enta.
Kimya.
Sikucheza. Nimefungua daftari la asubuhi,
napitia majina yote, na pembeni naandika kwa kalamu
kile kilichodondoka.
Mbeleje: sifuri nukta saba tano.

Kesho sitamtuma Chilongani.
Nitakwenda mwenyewe, nibishe hodi uani kwake,
nijitambulishe kwanza,
ndipo nitaje kosa, na mstari wake.